Ngazi ya mshahara ibandikwe ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie mishahara ya sekta binafsi, na hasa namna inavyopangwa. Nilikuwa karani wa mishahara hapa Tanga tangu miaka ya themanini mpaka nilipostaafu. Nilianzia shirika la umma, ubinafsishaji ukanikuta humo humo, nikamalizia kampuni binafsi upande wa Pongwe. Nilikofanya kazi sitakutaja, maana ninayotaka kuyasema hayapo mahali pamoja. Yapo viwandani, yapo hotelini, yapo shule binafsi na kwenye makampuni ya ulinzi, na naamini msomaji wa Morogoro au Mwanza atayatambua kama ya kwake.

Mtaani kwetu Makorora watu wanajua nilikuwa nashika mishahara, basi kila mwisho wa mwezi hawakosekani wa kupiga hodi na slipu mkononi. Mwaka huu wameongezeka. Serikali ilitangaza Oktoba 2025 kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kinapanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 1, 2026. Nilishukuru kwa moyo wote. Tunakumbuka tulikotoka: amri ya mishahara ya 2013 ilikaa mpaka ile ya 2022 ilipoanza kutumika Januari 2023, na katika miaka yote hiyo bei ya unga na nauli ya daladala havikungoja amri ya mtu. Kwa hiyo wanaokuja kwangu hawalalamikii nyongeza. Wanalalamikia kilichotokea baada yake.

Mmoja wao ni mama anayeshona mifuko kiwandani. Mashine yake inaning'inia kwa waya juu ya mkanda. Mfuko ukija umejaa, anaukunja mdomo, anaupitisha, uzi unakatwa, na wa pili umeshafika. Amefanya hivyo miaka kumi na minne, na kidole chake cha shahada kimepinda kwa kukunja. Aliketi barazani kwangu akatoa slipu mbili, ya Desemba na ya Januari, akazipanga juu ya mkeka. Desemba alikuwa anamzidi kwa shilingi elfu sitini msichana aliyeajiriwa mwaka jana kwa kazi ile ile. Januari anamzidi kwa elfu nne. Kampuni haikuvunja sheria hata chembe. Msichana alikuwa chini ya kima kipya, akapandishwa. Yeye alikuwa amekipita kidogo, hakuguswa.

"Mama," akaniambia, "mimi simwonei wivu yule binti. Ana mtoto mchanga, apate. Mimi nataka kujua nimekosa nini."

Nikamwambia, hukukosa kitu, mwanangu. Kiwanda chenu hakina ngazi ya mishahara.

Nieleze ninachokiita ngazi, kwa sababu nimekutana na mameneja wanaodhani ni orodha ya majina na mshahara wa kila mtu. Ngazi inaanza na kazi, mtu anakuja baadaye. Kazi ya kushona mifuko, ya kuendesha mtambo, ya ufundi umeme, ya ulinzi, ya ukarani, kila moja unaipima uzito wake: inahitaji ujuzi gani na ujuzi huo unapatikana kwa muda gani, inachosha mwili na akili kiasi gani, mwenye kazi akikosea hasara ni ya shilingi ngapi au ni roho ya mtu, na anaifanyia wapi, kwenye vumbi na joto au kwenye kiti chini ya feni. Kazi zenye uzito unaokaribiana unaziweka daraja moja. Kisha unaangalia waajiri wengine wa Tanga wanalipaje kwa kazi kama hiyo, na wa Dar es Salaam wanalipaje wale mafundi ambao ukizubaa watapanda basi pale Kange wakuache. Ndipo unalipangia kila daraja kiwango cha kuanzia na kiwango cha juu, na katikati yake hatua, ili anayebaki na kuiva kazini apande bila kungojea mwenzake afe au aache kazi. Mwisho unaandika nani anaamua mtu apande na kwa vigezo gani. Kwa kampuni ya watu mia mbili hivi hakuna haja ya kumleta mtaalamu kwa ndege. Meneja, mhasibu na wawakilishi wa wafanyakazi wakikaa kitako kwa nia njema wanaimaliza.

Ngazi ikiwepo, kima cha chini kikipanda kila mtu anajua kitakachofuata. Hatua ya chini imesogea, basi na zilizo juu yake zisogee. Si lazima kwa asilimia ile ile, na mwajiri aliyebanwa anaweza kuomba afanye kwa awamu mbili, watu wakamwelewa. Lakini tofauti kati ya aliyekuja jana na aliyetumika miaka kumi na minne inabaki. Pasipo ngazi, kila amri mpya ya mishahara inafuta miaka ya wakongwe, na wakongwe wenyewe wanabaki kutazamana na vijana kwa jicho baya, wakati vijana hawana kosa.

Watumishi wa serikali wana jambo hili na hatulioni thamani yake kwa sababu limezoeleka. Mwalimu wa Muheza au Pangani anajua yuko TGTS gani, yaani ngazi ya mishahara ya walimu, hatua ya ngapi, na akipandishwa daraja ataanzia shilingi ngapi. Muuguzi wa hospitali ya Bombo naye ana lake. Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Rais alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, kila mtumishi alijua pa kwenda kutafuta jibu lake: kwenye waraka wa mishahara. Anaweza kuwa hakuridhika nalo, lakini lipo na limeandikwa. Fundi wa kiwanda binafsi aende wapi? Anakwenda kwa bosi, na jibu linategemea bosi kaamkaje.

Sisi tuliokuwa mashirika ya umma tulikuwa na SCOPO. Vijana hawaijui. Ilikuwa kamati ya kudumu iliyosimamia mashirika ya umma, na moja ya kazi zake ilikuwa kupanga viwango vya mishahara ili mhasibu wa shirika la Tanga na wa shirika la Mwanza wawe kwenye ngazi moja. Siji hapa kuusifu mshahara wa wakati ule. Miaka ya themanini mshahara ulikuwa haufiki tarehe kumi. Nusu ya wenzangu ofisini walikuwa wanauza maandazi au barafu, na bila shamba la muhogo watoto wasingekula. Kiwango kilikuwa hakitoshi, lakini ngazi ilikuwa safi. Nilipoajiriwa nilionyeshwa karatasi: hapa ndipo ulipo, ukifaulu mtihani huu unakwenda pale. Ubinafsishaji ulipokuja, mwenye mali mpya aliitupa karatasi ile pamoja na makabati mabovu, na wengi wa waliofuata hawakuandika nyingine. Toka hapo mshahara ukawa ni maelewano ya chumbani kati ya mtu mwenye njaa na mtu mwenye kazi.

Tanga hii hii ina historia ya mambo haya. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kukusanya manamba. Alilipwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabika. Ulikuwa unyonyaji na hakuna la kuutetea. Ila hata babu, asiyejua kusoma, alijua kadi yake inakwendaje na alijua ni nini kimemkosesha siku yake. Leo nina kijana jirani mwenye stashahada ya umakenika ambaye hajui kwa nini analipwa anacholipwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu kwa miaka mingi, na ambalo naona linamuumiza mfanyakazi kuliko hata kiwango chenyewe. Ni mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho.

Tuchukue watu wawili wanaopata jumla ya shilingi 585,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa kwanza, zote ni mshahara wa msingi. Wa pili, msingi ni 390,000 na zilizobaki 195,000 zimegawanywa posho ya nyumba, posho ya usafiri na posho ya chakula. Tarehe ya mshahara wote wawili wanaona jumla moja na wanadhani wako sawa. Hawako sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Msingi, siyo jumla. Ili kupata malipo ya saa moja unagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, halafu kwa 45, ambayo kwa urahisi ni kugawa kwa 195. Wa kwanza saa yake ni shilingi 3,000, na ya ziada 4,500. Wa pili saa yake ni 2,000, na ya ziada 3,000. Wakifanya ovataimu ya saa ishirini kwa mwezi, wa kwanza anaondoka na 90,000, wa pili 60,000. Kwa mwaka ni tofauti ya 360,000 kwa watu waliotoka jasho lile lile usiku ule ule. Siku ya sikukuu ambayo sheria inataka saa ilipwe mara mbili, ni msingi tena. Asilimia tano ya zamu ya usiku, ni msingi tena.

Na siku ya kuachana ndiyo chungu zaidi. Mtu akipunguzwa kazi, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Miaka kumi ni siku sabini. Kwa wa kwanza siku moja ni kama 22,500, anapata 1,575,000. Kwa wa pili siku moja ni 15,000, anapata 1,050,000. Zaidi ya nusu milioni imepotea na hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria. Ilipotea siku kampuni ilipoamua jina la kuipa fedha ile.

Mahali fulani nilipofanya kazi, mwaka mmoja nyongeza yote ya mwaka iliingizwa kwenye posho ya nyumba. Mwaka uliofuata ikaingizwa kwenye usafiri. Mimi ndiye niliyekuwa naziingiza kwenye kompyuta, nikauliza kwa nini msingi haupandi. Nikajibiwa, "Bibie, si jumla ni ile ile?" Ilikuwa kweli jumla ni ile ile. Baada ya muda biashara ikayumba, watu wakapunguzwa, na mimi huyo huyo nikakokotoa haki zao. Fundi mitambo mmoja, mtu mzima, mpole, alisimama dirishani kwangu na hesabu yake akiisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Akaniuliza, "Dada, hapa si mmeandika mshahara wangu wa zamani?" Nikamweleza kuwa ndio mshahara wake wa msingi wa sasa, haujabadilika, kilichokuwa kinapanda ni posho. Akaangalia tena. Akasema, "Kumbe miaka yote ile sikuongezwa." Akaikunja karatasi akaweka mfukoni mwa shati, akanishukuru, akaondoka. Nilitamani anitukane.

Nimesikia waajiri wakijitetea kwamba posho ni kwa faida ya mfanyakazi kwa sababu haikatwi kodi. Kwa posho ya fedha taslimu inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara hilo si kweli. Sheria ya kodi ya mapato inaihesabu ni kipato cha ajira kama mshahara wenyewe. Ipo posho yenye maana, nakubali. Mtu anayetumwa Lushoto siku tatu alipwe posho ya safari. Anayefanya kazi kwenye tanuri alipwe ya mazingira. Lakini posho ya nyumba ambayo kila mtu anapata, kila mwezi, awe na nyumba au anaishi kwa mama yake, huo ni mshahara umebadilishwa jina.

Nigusie bonasi, maana hapo napo pana ubunifu mbaya. Bonasi ya uzalishaji ni jambo jema likipangwa na mtu anayeijua kazi. Nimeona bonasi iliyohesabiwa kwa idadi ya mifuko inayotoka kwa zamu, ikalipwa kwa walioko kwenye mkanda peke yao. Mwezi wa kwanza kila mtu alifurahi, uzalishaji ukapanda. Mwezi wa pili fundi akitaka kusimamisha mtambo apake grisi au abadilishe beringi, watu wa zamu wanamzomea kwa sababu kila dakika ya kusimama inawakata bonasi. Fundi mwenyewe bonasi haimhusu, basi naye anasema shauri yenu. Mtambo ukaendeshwa mpaka ukakatika, kiwanda kikalala siku kadhaa kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Menejimenti ikasema wafanyakazi hawajui thamani ya motisha, ikaifuta bonasi. Wafanyakazi walifanya kile walicholipwa kukifanya! Aliyeipanga angewaweka mafundi ndani yake, na akahesabu pia mifuko iliyorudishwa na wateja na siku ambazo mtambo umekwenda bila kuharibika. Hayo yote takwimu zake zilikuwepo kwenye vitabu vya kiwanda.

Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi sitamzungumzia kwa kirefu. Friji na cheti ni vizuri, namwombea kila anayepewa. Ila waliobaki waambiwe alishinda kwa lipi, la sivyo zawadi ya mtu mmoja inakuwa maudhi kwa mia.

Kuna hili la usiri. Mikataba mingi siku hizi ina kipengele kinachokataza mtu kumwambia mwenzake mshahara wake. Naelewa kuwa wapo watu wasiopenda kipato chao kijulikane, na hiyo ni haki yao. Lakini kumkataza mtu kwa mkataba asiseme cha kwake mwenyewe ni kitu kingine, na hakimfaidii mwajiri kama anavyodhani. Siri haikai. Pale kazini aliletwa mwendesha mtambo kutoka nje ya mkoa, akapewa zaidi ya yule aliyemfundisha kuuendesha. Ujumbe wa benki uliingia simu ikiwa juu ya meza ya chakula, na kabla ya zamu ya usiku kuingia kiwanda kizima kinajua. Kilichojulikana ni namba tupu, bila sababu. Huenda sababu ilikuwepo, huenda yule bwana alikuwa na cheti ambacho wengine hawana. Hakuna aliyeambiwa, kwa hiyo kila mtu alijitungia ya kwake: ni ndugu, ni dini, ni kabila, ni mtu wa bosi. Nimeona timu nzuri ya watu waliokuwa wakilishana chakula ikivunjika kwa jambo hilo. Sidai mishahara ya watu itangazwe. Nadai madaraja yatangazwe: kazi hii iko daraja hili, inaanzia hapa, inaishia hapa, unapanda kwa haya. Jina la mtu halimo.

Na madaraja yakiandikwa, mengine yaliyofichika yatatoka. Nimewataja wanawake wanaoshona mifuko. Kwenye kampuni nyingi wanalipwa chini ya wanaume wanaopakia kwenye malori, na ukiuliza unaambiwa kupakia ni kazi nzito. Ni nzito kweli. Lakini mpakiaji akimaliza lori anakaa kivulini, na mshonaji hatoki kwenye mkanda mpaka zamu iishe, macho kwenye sindano, na vumbi ni lile lile. Sheria yetu ya 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao nchi yetu imeuridhia, unasema hivyo hivyo. Thamani sawa utaijuaje kama hujawahi kuzipima kazi hizo mbili?

Waajiri nao nawasikia, nimekaa nao ofisi moja. Yule wa 585,000 anamgharimu mwajiri zaidi ya hapo. Kwenye NSSF jumla ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri anabeba nusu, hiyo ni 58,500 nyingine, bado mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, bado tozo ya ufundi stadi, na umeme ukikatika ni dizeli. Mwenye kiwanda anayelipa haya yote kwa wakati ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini ngazi haimlazimishi kulipa zaidi ya uwezo wake. Inamlazimisha kulipa kwa utaratibu anaoweza kuutetea mbele ya watu. Na ahesabu pia anachopoteza sasa: mafundi anaowafundisha yeye kisha wanakwenda kwa wengine, matangazo ya kazi, wageni wanaoharibu mali miezi mitatu ya kwanza, kesi za CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mwaka 1914 kule Marekani Henry Ford alitangaza malipo ya dola tano kwa siku kwenye kiwanda chake cha magari, karibu mara mbili ya kilichokuwa kikilipwa, na sababu yake kubwa ilikuwa hesabu: watu walikuwa wakiacha kazi kwa kasi hata ikambidi kuajiri maelfu na maelfu kila mwaka ili mstari usisimame. Hakuwa mtu wa huruma. Alijua gharama ya mtu anayeondoka.

Kwa wafanyakazi wenzangu wa zamani na viongozi wao wa matawi nina ombi. Mkienda kujadili mkataba wa hali bora, msiingie na asilimia tu. Kila mwaka tunasikia "tumeomba ishirini, wametoa saba", basi, mkutano umekwisha, na saba yenyewe imewekwa kwenye posho. Ingieni na mambo matatu: msingi uwe ndio sehemu kubwa ya malipo, madaraja yaandikwe na yawe sehemu ya mkataba, na kima cha chini kikipanda hatua za juu zisogezwe kwa kanuni iliyokubaliwa mapema. Chama chenye wanachama wengi kazini kina haki kisheria ya kujadiliana na mwajiri, na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa zinazohusika ili majadiliano yawe na maana. Ombeni taarifa hizo kwa maandishi. Na kila mmoja wenu atunze slipu zake. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo yake, kwa hiyo usiogope kuidai.

Kwa Serikali ombi langu ni fupi. Bodi ya mishahara inapokaa kuandaa amri ijayo, iongeze kifungu kinachomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia idadi fulani kuwa na madaraja ya mishahara yaliyoandikwa na kubandikwa mahali pa kazi, kama zinavyobandikwa taarifa za haki za wafanyakazi. Na maofisa kazi wanapopita kukagua kama kima kipya kinalipwa, wasiishie kwa wale wa chini. Waulize na waliokuwa juu yao kidogo wamefanywa nini. Yule mama wa mifuko hayumo kwenye fomu yoyote ya ukaguzi, maana kwa mujibu wa amri hana tatizo.

Nimempa barua ya kupeleka kwa meneja wake, tumeiandika pamoja, ya heshima, ikiuliza kazi ya kushona mifuko iko daraja gani na hatua zake ni zipi. Mpaka naandika haya hajajibiwa. Kama meneja huyo anasoma gazeti hili, namwomba amjibu.

Karani mstaafu wa mishahara,
Makorora, Tanga.
(Jina na anuani vimehifadhiwa na mhariri.)